Mabati Arobaini ya Pilau

Ipo nchi moja, na jina lake halina haja ya kutajwa, kwa kuwa wenyewe wanalijua na wasiolijua haliwahusu. Ina mlima mmoja, mto mmoja na wizara arobaini na moja. Wananchi wake wanalima mihogo na wakubwa wake wanaomba. Msidhani kuomba ni kazi ndogo. Katika nchi ile wapo waliokwenda ng'ambo kusomea, wakarudi na shahada ya kuomba imewekwa kwenye fremu. Wapo wanaoomba kwa barua, wapo wanaoomba kwa harambee, na wale mabingwa kabisa wanaomba kwa chakula cha jioni, vitambaa vyeupe mezani, huku yule anayeombewa yuko kwake anamenya muhogo, hana habari.

Shirika kubwa la kuombea liliitwa Huruma ya Pamoja. Mkurugenzi Mkuu wake alikuwa Dakta Onesmo Kitwana, na manaibu wake wawili, Erasto na Filemoni, walikuwa wadogo zake wa tumbo moja. Mambo yalikwenda vizuri miaka mingi, mpaka ikaja barua kutoka kwa wafadhili wa nchi za baridi.

"Tumeitazama picha yenu ya mwaka," barua ilisema. "Meza kuu ina wanaume watatu wenye pua moja. Tunataka viongozi wa kila aina, na waongoze kwa pamoja. La sivyo, mfuko tunaufunga."

Ndugu watatu wakajifungia chumbani siku mbili. Walipotoka, shirika lilikuwa na viongozi wa kila aina na hakuna aliyeondolewa. Erasto, mwenye miaka hamsini na saba, alikuwa mwakilishi wa vijana, kwa sababu moyo wake haujazeeka. Filemoni alikuwa mwakilishi wa wavuvi, kwa kuwa hakupitisha siku bila samaki. Dakta Onesmo mwenyewe alijibebesha viti viwili, cha wafugaji na cha watu wasio na sauti, na kwa niaba ya hawa wa pili alikuwa akizungumza saa mbili katika kila kikao.

Pengo likabaki moja. Barua ilitaka mwanamke, mjane, mtu wa kijijini, na mtu wa elimu ya chini. Wake zao walikuwa hai wote. Mke wa Filemoni alipoulizwa kama angekubali kuwa mjane kwa miaka mitatu ya mradi, alisema yeye yu tayari hata leo, labda aulizwe mumewe.

Ndipo walipompata Bi Siwatu.

Bi Siwatu alikuwa mjane wa mwaka wa kumi na moja, mkaazi wa Kwamsanja, kijiji cha ng'ambo ya mto. Alisoma mpaka darasa la saba, akaolewa, akazaa mmoja, akazika mume. Alijulikana kwa mambo mawili: hakukosa swala, na hakuna harusi wala matanga ya maana yaliyopikwa pilau bila yeye kusimama jikoni. Alisema kidogo na kuona kingi. Kwa shirika alikuwa bahati ya mtende, kwa sababu katika mtu mmoja waliweka alama kwenye visanduku vinne, wakaokoa viti vitatu.

"Mama yetu mjane," Dakta Onesmo alimwambia siku ya kwanza, akiwa amekaa katika kiti cha kuzunguka na Bi Siwatu amepewa kibenchi, "hapa hakuna mkubwa wala mdogo. Sisi hatuongozi, sisi tunaongozana. Wewe ni kiongozi sawasawa na mimi."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Siwatu. "Basi yale mabati arobaini ya Kwamsanja yatoke kesho."

"Hilo," akasema Dakta, "ni mapema mno kwa kiongozi."

Na hayo mabati ndiyo yaliyompeleka pale, wala si kibenchi. Wanawake wa Kwamsanja walikuwa wamejenga chumba cha kujifungulia kwa mikono yao, mawe wakiyabeba kichwani kutoka mtoni. Kuta zilisimama, mlango ukawekwa, kitanda kikapatikana. Paa halikuwepo. Wafadhili walikwisha kutoa mabati arobaini kwa ajili ya chumba kile kile, mwaka wa pili huo, na yalikuwa ghalani mwa Huruma ya Pamoja, yamepangwa vizuri, yanang'aa kama siku yalipotoka kiwandani. Masika iliyopita, Saumu, mtoto wa pekee wa Bi Siwatu, alijifungulia humo chini ya turubai. Turubai lilipasuka kwa uzito wa maji. Mtoto alipigwa na mvua saa yake ya kwanza duniani, akakaa siku mbili. Bi Siwatu ndiye aliyemwosha.

Sasa Saumu alikuwa na mimba nyingine, ya miezi mitano, na masika ilikuwa inarudi.

Kikao cha kwanza cha uongozi wa pamoja kilikuwa na wenyeviti wanne kwa mpigo, ili asionekane mmoja. Kwa hiyo kilifunguliwa mara nne, kwa hotuba nne, na kilifungwa na chakula. Mabati hayakutoka, kwa sababu iligundulika hakuna mwakilishi wa watu wa mlimani. Kikao cha pili mtu wa mlimani aliletwa, ikaonekana ni mrefu, na wafupi hawana mtu. Kikao cha tatu mfupi alikuwepo, lakini Erasto akasimama kwa uchungu akasema anaona wote humu wanakubaliana, na wale wasiokubaliana wametengwa. Ikatangazwa kazi. Akaajiriwa mtu wa kupinga, naye alikuwa mwaminifu kwa kazi yake, akapinga kila hoja isipokuwa ya posho. Kikao cha sita kizima kilijadili kama mabati yenyewe yameshirikishwa vya kutosha, maana yote yalikuwa ya rangi moja.

Kila kikao Bi Siwatu aliuliza swali moja. "Mabati yanatoka lini?"

Na kila kikao katibu aliandika: Mjumbe mjane alitoa mchango wenye hisia. Ukapigiwa makofi.

Mimba ya Saumu ilikuwa na miezi saba. Kikao cha tisa kikapita. Ikawa minane.

"Mama," Saumu akamwambia akiwa amejinyoosha mkekani, miguu imevimba, "usiwaulize tena. Mimi nitazaa hapa hapa ndani."

"Hapa hapa ndani kuna moshi na kuku. Mkunga amesema hapana."

"Basi kule hakuna paa."

"Paa lipo," akasema Bi Siwatu. "Limekaa mahali pabaya tu."

Ikumbukwe kwamba Bi Siwatu, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza neno katika vikao vile, alikuwa akisoma ukuta. Nyuma ya kichwa cha Dakta Onesmo palibandikwa Kanuni za Ghala, ukurasa mrefu wenye maandishi madogo. Alizisoma kama anavyosoma msahafu, pole pole, kidole kikitembea juu ya paja. Kikao cha kumi alikuwa anazijua kwa moyo. Kanuni ya saba: mali ya maskini itatoka kwa sahihi kumi na nne za viongozi wa kila aina. Kanuni ya nane: mahitaji ya wageni yatatoka kwa sahihi ya mtunza ghala peke yake, na upesi. Kanuni ya kumi na tisa: ghala halipokei tena kitu chochote kilichopita motoni. Hii ya mwisho ilitungwa na Filemoni, baada ya sufuria za karamu fulani kurudishwa na masizi na kumchafulia suti ya kijivu.

Kisha ikaja habari kwamba wafadhili wenyewe wanakuja, watu mia tatu pamoja na wapambe, kuuona uongozi wa pamoja kwa macho yao, na tena wanataka kuuona kijijini. Kwamsanja ikachaguliwa, kwa sababu ndipo alipo mjane.

"Katika uongozi shirikishi," Dakta Onesmo alitangaza, "kila kiongozi anatoa kipaji chake. Mimi nitatoa hotuba. Ndugu Erasto atatoa hotuba ya vijana. Ndugu Filemoni atatoa neno la shukrani, la nusu saa. Mama yetu mjane atatoa pilau."

"Ya watu mia tatu," akasema Bi Siwatu.

"Na ya kwetu."

Jioni ile alikaa muda mrefu juu ya mswala. Hakuomba mabati. Alimwomba Mungu amwoneshe mlango usio na uongo ndani yake, kwa sababu milango ya uongo alikwisha kuiona mingi na yote ilikuwa na watu wamesimama.

Asubuhi akaenda ghalani. Mtunza ghala aliitwa Bwana Zakaria Pembe, mtu wa miaka thelathini hivi, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo, Bi Siwatu."

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa mahitaji ya wageni. Kanuni ya nane."

Bwana Zakaria alishangaa kidogo kusikia namba, akachukua fomu. "Sema, mama."

"Mabati. Ya kufunikia pilau, na kupalia makaa juu."

"Mangapi?"

"Arobaini."

Kalamu ikasimama. "Sufuria ngapi hizo?"

"Nane."

"Nane kwa arobaini," akasema Bwana Zakaria, akiangalia juu kama mtu anayetafuta kitu darini. "Yaani bati tano kila sufuria?"

"Umepata kusimama jikoni, baba, pakipikwa pilau ya watu mia tatu?"

"Sijapata."

"Hata mara moja?"

"Mimi huwa naletewa."

Aliona aibu kuuliza zaidi, lakini arobaini ni arobaini. Akachukua fomu, akamwongoza Bi Siwatu mpaka chumba cha vikao, ambako kikao cha kumi na mbili kilikuwa katika ufunguzi wa tatu. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Wiki ile hakukuwa na chakula cha kikao, kwa sababu hawakuwa wameafikiana kama kiwe wali au ugali.

Bwana Zakaria akaeleza. Wakubwa wakamtazama mpishi.

"Mama yetu," Dakta Onesmo akauliza, "bila mabati, pilau haiwi?"

Bi Siwatu alipima maneno yake, moja moja. "Bila bati juu na makaa juu ya bati, pilau haikauki. Inabaki wali wa kuchemsha wenye nyama."

"Wageni mia tatu," akasema Erasto kwa sauti ya msiba, "wali wa kuchemsha."

"Na sisi?" akauliza Filemoni.

"Na nyinyi."

Tumbo la mtu fulani likasikika upande wa wavuvi.

"Itakuwa ya mbuzi?" akauliza yule wa kupinga. Lilikuwa swali lake la kwanza lisilo na hapana ndani.

"Mbuzi kumi na wawili. Na mdalasini mzima, si wa unga."

"Mpeni," akasema Filemoni.

"Mpeni yote," akasema Erasto.

Dakta Onesmo akainua mkono kuuliza nani anapinga. Wote wakamgeukia aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Akainamisha uso. Tangu Huruma ya Pamoja iasisiwe, huo ulikuwa uamuzi wa kwanza uliopita kwa sauti moja, na ulichukua muda mfupi kuliko salamu.

Bwana Zakaria akampa fomu atie sahihi. Bi Siwatu hakutia kwanza. Alisoma. Chini kabisa iliandikwa: Naapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba mali hii itafunikia chakula cha wageni. Alisoma mara ya pili, akavuta pumzi, akaandika jina lake lote na la marehemu mumewe.

Siku ya ugeni lori la shirika likayabeba mabati mpaka Kwamsanja, bila gharama, likayateremsha kando ya chumba kisicho na paa. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa mlima tangu alfajiri. Moto ulikuwa unawaka chini ya sufuria nane, na wanawake wa kijiji walikuwa wamejifunga kanga viunoni. Aliyekuwa karibu na Bi Siwatu ni Kidawa, shoga yake wa miaka mingi, mwenye ulimi usiolala.

"Siwatu, sufuria nane, mabati arobaini," akasema Kidawa. "Unafunika au unaezeka?"

"Nafunika. Nimeapa yatafunikia chakula. Weka majani ya mgomba kwanza, bati lisiguse wali."

Sufuria nane zikafunikwa kwa mabati nane. Bi Siwatu akapalia makaa.

"Yamebaki thelathini na mawili," Kidawa akasema.

"Lete vikapu vya ndizi."

Vikapu kumi vya ndizi vikafunikwa. Kachumbari ikafunikwa. Mabakuli ya pilipili yakafunikwa, moja moja. Maembe, tende, mtindi, vitunguu vilivyobaki. Bati la thelathini na tisa lilifunikia sahani ya chumvi.

"Na la arobaini?"

Bi Siwatu akatazama huku na huku. Akachukua yai moja la kuchemsha, akaliweka chini juu ya jani, akalifunika kwa bati zima la futi kumi.

"Sasa palia."

"Nini?"

"Makaa. Kila bati."

"Shoga, ndizi mbivu zipaliwe makaa?"

"Matano matano, pembeni. Liungue pale tu, lipate weusi."

Kidawa alimtazama, kisha akatazama chumba kisicho na paa, kisha akakitazama tena. Akachukua koleo.

Wageni walipofika walikuta uwanja mzima umejaa mabati yanayofuka moshi. Mfadhili mkuu, mama mmoja mrefu mwenye kofia ya majani, akasimama na kuuliza ni nini kile. Dakta Onesmo hakuwa na habari hata kidogo, maana yeye pia huwa analetewa, lakini hakusomea ng'ambo bure.

"Hii ni mila yetu ya ushirikishwaji," akasema. "Kila bati ni jamii, na kila kaa ni ndoto. Tunavifunika kwa pamoja ili viive kwa pamoja."

"Na lile la mwisho, lenye yai linalochungulia chini yake?"

"Ni kizazi kijacho," akasema Dakta, macho makavu.

Mama mrefu akatoa kitambaa akafuta machozi. Wenye kamera wakalizunguka yai. Hotuba zikaanza, zikafunguliwa mara nne. Dakta Onesmo alisema kwamba katika safari ya kuongozana hakuna wa mbele, na akalisema hilo akiwa amesimama jukwaani, mbele. Alimwita Bi Siwatu asimame aonekane. Bi Siwatu alisimama, mwiko mkononi. Wakapiga makofi, wakampiga picha, akarudi kwenye moto. Yule aliyeahidiwa kuongozana hakupewa dakika moja ya kusema, na siku hiyo hakuitaka.

Wakala. Mungu apewe sifa kwa njaa za watu, walikula. Dakta Onesmo alikomba sinia la watu sita akiwa na watu wawili.

Jua lilipoanza kuinama, wageni wameondoka, Bi Siwatu aliyakusanya mabati yote, akayafuta majivu, akayapanga mbele ya Bwana Zakaria aliyekuja na lori.

"Mali yenu hiyo, baba. Arobaini. Hesabu."

Bwana Zakaria akalishika la kwanza. Lilikuwa na duara jeusi katikati. La pili vile vile. La kumi na tano lilikuwa na weusi wa pembeni. Akarudi nyuma hatua moja, akakung'uta mikono.

"Haya yamepita motoni."

"Yamepita. Nilisema nitapalia."

"Kanuni ya kumi na tisa, mama. Siyapokei. Bwana Filemoni ataniua."

"Mimi nimeyarudisha, lakini."

"Na mimi nimeyakataa."

"Basi andika kwamba umeyakataa, nisije nikaitwa mwizi katika uzee wangu."

Bwana Zakaria akatoa kalamu mojawapo, akaandika juu ya karatasi ya shirika: Mabati arobaini, taka za jikoni. Mpishi ameamriwa kuyaondoa mara moja kwa gharama zake mwenyewe. Akagonga muhuri. Bi Siwatu alisoma mpaka nukta ya mwisho, akaikunja karatasi, akaifunga katika pindo la kanga.

Asubuhi ya pili, baada ya alfajiri, Kwamsanja nzima ilisikia nyundo. Mchana amri ya shirika ilikuwa imetekelezwa, na taka zote zilikuwa zimeondolewa chini.

Mvua ilinyesha siku ya sita. Saumu alijifungua siku ya tisa, mtoto wa kike, mvua inapiga juu kama watu wanaomwaga mchele. Ndani palikuwa pakavu. Saumu alilala chali akatazama juu, kwenye duara jeusi la sufuria.

"Mama, mbona paa linanuka mdalasini?"

"Litaacha," akasema Bi Siwatu, akimkausha mtoto. Safari hii alikuwa anamkausha tu.

Dakta Onesmo aliposikia habari alikasirika kwa siku moja. Alioneshwa karatasi yenye muhuri wa ofisi yake, akaisoma, akakaa. Siku ya pili alikuja na mpiga picha na kibao cha marumaru, kikapigiliwa juu ya mlango: Paa hili ni tunda la uongozi wa pamoja. Majina yalikuwa matatu, ya ukoo mmoja.

Na kwa kuwa wafadhili walifurahi mno, walimtuma binti mmoja mpole, mwenye miwani na kurasa kumi na mbili, kutathmini. Alimkuta Bi Siwatu kibarazani, mjukuu mapajani.

"Bibi, ofisi inasema uamuzi wa kutoa mabati ulipita kwa sauti moja. Haijawahi kutokea katika nchi hii. Tunataka wengine wajifunze. Viongozi wa aina mbalimbali namna ile, ni nini kiliwaunganisha?"

Bi Siwatu akamtazama binti wa watu kwa huruma, maana yeye hakuwa na kosa.

"Andika walikuwa na njaa."

Binti akafungua ukurasa wa kwanza, akapitisha kalamu chini mpaka mwisho. Akafungua wa pili. Alitafuta kisanduku cha njaa katika kurasa zote kumi na mbili na hakukiona. Akarudi mwanzo, akatia alama kwenye maridhiano, akaomba msamaha, akauliza kama pilau imebaki.